Nani alipie utafiti wa usingizi?

Wanaopinga kodi kutumika kuchunguza usingizi husema kukesha kunadhuru, kila mtu anajua, basi fedha ziende kwenye dawa na vitanda vya wagonjwa. Inasikika kama busara. Ila hicho tunachodai kukijua hatukijui vizuri.

Chukua Whitehall II, utafiti unaowafuatilia watumishi wa umma wa Uingereza tangu 1985. Mwaka 2021 ulitoa taarifa kwamba waliolala kwa muda wa saa sita au pungufu kila usiku wakiwa na miaka 50, 60 na hata 70 walikuwa na hatari ya dimensia, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, iliyozidi ya wenzao wa saa saba kwa asilimia 30. Asilimia 30 ya nini? Kati ya watu karibu 8,000 waliofuatiliwa miaka 25, waliougua ni 521, yaani chini ya 7 katika kila 100. Ongezeko juu ya kiasi hicho si la kumtia mtu kiwewe. Na kuna swali gumu zaidi. Dimensia huanza kuuharibu ubongo miaka mingi kabla ya dalili, na huweza kuvuruga usingizi mapema. Je, kukesha kulileta ugonjwa, au ugonjwa ndio ulioleta kukesha? Ili kujua, sharti uwaulize watu wakingali wazima, kisha usubiri robo karne. Kampuni gani itasubiri? Vidonge vya usingizi vinauzwa leo. Jibu la swali hili halina mnunuzi.

Wapinzani wana silaha moja nzito: jaribio la SAVE la 2016. Wagonjwa zaidi ya 2,700 wa moyo au kiharusi, wote wakikatika pumzi usingizini, waligawanywa, nusu wakapewa mashine ya kusukuma hewa. Mishtuko ya moyo na viharusi havikupungua. Sawa, lakini waliopewa waliivaa kwa wastani wa saa 3.3 tu kwa usiku, kwa hiyo hata kushindwa huko kunahitaji utafiti mwingine.

Tangu 2007 IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeiweka kazi ya zamu za usiku katika kundi la visababishi vya saratani vinavyoshukiwa sana, na 2019 likaibakiza hapohapo kwa kuwa ushahidi kwa binadamu bado hautoshi. Denmark iliwahi kuwalipa fidia wanawake waliougua saratani ya matiti baada ya miaka mingi ya zamu hizo. Kwingineko, muuguzi anayedai haki kama hiyo ataambiwa alete ushahidi, na ushahidi huo mwajiri wake hana sababu ya kuugharimia.