Kabla ya Kununua Tena Dawa ya Ute wa Magoti

Shangazi yangu anaishi Muheza, na kwa miaka sita sasa amekuwa akitenga sehemu ya mapato ya michungwa yake ili kununua makopo ya vidonge ambavyo aliyemuuzia alimhakikishia kuwa vinarudisha ute wa magoti. Nilipomuuliza mwaka jana kama ameona nafuu, alinijibu kwa utulivu: "Mwanangu, ute haurudi kwa siku moja. Nimeambiwa nivumilie." Jibu hilo lilinikosesha raha, kwa sababu mtu aliyeambiwa avumilie hapewi kamwe siku ya kusema kwamba dawa imeshindwa. Ndipo nilipoanza kusoma tafiti za gegedu, na ninayoyaandika hapa ni maoni niliyofikia baada ya kusoma huko.

Kwanza, namna tunavyouzungumzia ugonjwa huu imetupotosha. Tunasema magoti yamekauka, ute umeisha, viungo vinahitaji grisi, kana kwamba goti ni bawaba ya mlango. Ukweli ni kwamba goti lenye ugonjwa wa kulika mara nyingi huwa na majimaji mengi kuliko kawaida, na ndiyo maana huvimba. Kinacholika ni gegedu, lile tabaka jeupe, laini na lenye kuteleza ambalo sote tumeliona kwenye ncha ya mfupa wa kuku. Kwa binadamu unene wake ni milimita chache tu. Ndani yake hamna mishipa ya damu, na chembe hai ni chache mno, zimetawanyika katika maji na nyuzi za protini. Gegedu hupata chakula chake kutoka kwenye majimaji ya kiungo kwa kubanwa na kuachiwa, kama sifongo, kila tunapopiga hatua. Vilevile halina mishipa ya fahamu, kwa hiyo linaweza kulika kwa miaka bila mwenyewe kuhisi chochote, na maumivu yanapoanza huwa yanatoka kwenye mfupa wa chini yake, kwenye utando wa kiungo na kwenye misuli iliyodhoofika. Naomba msomaji alishike jambo hili la mwisho, kwa kuwa nitalirudia.

Mwaka 1743 daktari William Hunter, Mskoti aliyefanya kazi London, aliandika kwamba gegedu likishaharibika halijirudishi. Kwa karne mbili na nusu hakuna aliyeweza kumpinga kwa ushahidi wa kutosha. Kisha, mwaka 1994, Mats Brittberg, Lars Peterson na wenzao wa Gothenburg, Sweden, walichapisha taarifa ya wagonjwa 23 ambao walichukuliwa kipande kidogo cha gegedu lao wenyewe. Chembe zake zikakuzwa maabara kwa wiki kadhaa, kisha zikarudishwa kwenye sehemu iliyoharibika na kufunikwa kwa utando wa mfupa. Kati ya wagonjwa 16 waliokuwa na jeraha kwenye ncha ya mfupa wa paja, 14 walikuwa na matokeo mazuri au mazuri sana baada ya miaka miwili. Hayo yalikuwa mafanikio makubwa, na tiba zilizotokana nayo bado zinatumika.

Lakini wagonjwa wale walikuwa akina nani? Walikuwa na umri wa kati ya miaka 14 na 48, na kila mmoja alikuwa na jeraha la mahali mahususi katika goti ambalo sehemu yake iliyobaki ilikuwa nzima. Kuziba shimo moja katika sakafu imara si sawa na kuokoa sakafu nzima iliyomomonyoka huku na msingi ukiwa umepinda. Mwanamke wa miaka 68 ambaye gegedu lake limelika pande zote hakuwa mgonjwa wa Gothenburg. Hata njia rahisi zaidi, ile ya kutoboa vitundu vidogo kwenye mfupa ili damu na seli za uboho zijaze pengo, huotesha zaidi gegedu la nyuzi, lililo dhaifu kuliko la asili kama kovu lilivyo dhaifu kuliko ngozi. Ninachokilalamikia ni kwamba habari za tiba ya shimo zinauzwa kwa watu wenye sakafu iliyomomonyoka, na watu hao ni wengi mno: makadirio ya mwaka 2020 yalikuwa watu milioni 595 duniani wenye ugonjwa wa kulika kwa viungo, magoti yakiwemo.

Kwa kundi hili kubwa, utafiti ulionigusa kuliko yote ni ule wa Houston, Marekani, uliochapishwa mwaka 2002 na daktari Bruce Moseley na wenzake. Wagonjwa 180 wa magoti waligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi walisafishwa goti kwa upasuaji wa kamera, wengine gegedu lililochakaa lilikwanguliwa, na wengine walichanjwa ngozi tu, kisha wakashonwa bila goti kuguswa ndani. Walifuatiliwa kwa miaka miwili, na katika muda wote huo waliopasuliwa kweli hawakupata nafuu kuliko waliochanjwa ngozi tu. Makundi yote matatu yalieleza kupata nafuu kiasi. Upasuaji uliokuwa ukifanywa kwa maelfu ya watu kila mwaka ulikuwa haujawahi kupimwa kwa namna hiyo kwa wagonjwa wengi kiasi hicho.

Vidonge vya shangazi yangu navyo vimepimwa. Mwaka 2006 yalitolewa matokeo ya utafiti wa watu 1,583 nchini Marekani kuhusu glukosamini na kondroitini, viambato vya vidonge vya aina hiyo, na kwa ujumla wake dawa hizo hazikuonyesha tofauti ya maana na vidonge visivyo na dawa. Kundi dogo la wenye maumivu makali zaidi lilionyesha dalili ya nafuu, na haki inanilazimu kulisema hilo. Hata hivyo, katika utafiti huohuo watu 60 kati ya kila 100 waliomeza vidonge visivyo na dawa walipata nafuu. Tarakimu hiyo inatosha kueleza shuhuda zote zinazosomwa redioni. Maumivu ya goti hupanda na kushuka. Mtu hununua dawa yanapopanda, na yanaposhuka huipa dawa sifa. Wanaoshuhudia hawasemi uongo.

Sindano nazo zisiachwe. Mwaka 2017 ilibainika kuwa sindano za steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, zilizorudiwa kila baada ya wiki 12 kwa miaka miwili hazikupunguza maumivu kuliko sindano za maji ya chumvi yasiyo na dawa, bali gegedu lilipungua zaidi. Sindano za damu iliyochujwa, yaani sehemu ya damu ya mgonjwa mwenyewe yenye chembe sahani nyingi, zilijaribiwa Australia kwa watu 288, matokeo yakatoka mwaka 2021: hazikuzidi maji ya chumvi. Mwongozo wa madaktari wa baridi yabisi wa Marekani wa mwaka 2019 unapinga kwa nguvu glukosamini, sindano za damu iliyochujwa na sindano za seli shina (seli changa zinazoweza kugeuka kuwa za aina nyingine) kwa magoti yaliyolika.

Sisemi utafiti usimamishwe. Natamani uongezewe fedha. Dawa iitwayo spriferimini, iliyojaribiwa kwa watu 549, iliongeza unene wa gegedu kwa takriban milimita 0.05 katika miaka miwili. Ni kiasi cha unywele, lakini ni ishara kwamba Hunter huenda hakuwa sahihi milele. Waliopewa dawa hiyo, hata hivyo, hawakupata nafuu ya maumivu kuliko wasiopewa, na hapa ndipo ninaporudi kwenye lile nililoomba lishikwe: gegedu halina mishipa ya fahamu. Kuliongeza ni kazi moja, kumwondolea mtu maumivu ni kazi nyingine, na anayeuza ya kwanza kwa jina la ya pili anadhulumu.

Yanayosaidia leo hayana tangazo. Kuimarisha misuli ya paja hupunguza maumivu. Kupunguza kilo moja ya mwili hupunguza takriban kilo nne za mzigo unaolielemea goti kwa kila hatua, kama ulivyoonyesha utafiti wa mwaka 2005. Goti linapofika mwisho kabisa lipo goti bandia, nalo huwekwa hata Dar es Salaam, pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ingawa gharama yake ni mzigo kwa familia nyingi.

Mwezi wa sita nilimpeleka shangazi kwa fizio, mtaalamu wa tiba ya mazoezi ya viungo. Alifundishwa kuinuka kitini bila kujishika, kunyoosha mguu akiwa amefungiwa kimfuko cha mchanga kifundoni, na kutumia fimbo kwa mkono wa upande wa goti zima, kwani alikuwa akiishika upande usiofaa kwa miaka yote hiyo. Makopo mawili ya mwisho bado yako kabatini kwake. Sikumwomba ayatupe. Nilimwomba tu kwamba fedha za machungwa ya msimu ujao ziwe nauli ya kurudi kwa fizio, naye akasema atafikiri.