Gurudumu kubwa halikuwa la mbwembwe

Mwandishi, picha uliyoweka ya baiskeli ya kale ya penny-farthing, ile ya gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma, ni tamu, ila hapo uliposema gurudumu la mbele lilifanywa kubwa ili kuwafurahisha watazamaji umeteleza. Baiskeli zile hazikuwa na mnyororo. Pedeli zilifungwa kwenye ekseli (mhimili) ya gurudumu la mbele, ukizungusha mara moja nalo lazunguka mara moja. Gurudumu la inchi 52 linakusogeza mita 4 na ushei kwa mzunguko mmoja! Kwa hiyo mwenye miguu mirefu ndiye aliyekimbia zaidi.

Shida ni breki. Umekaa karibu juu ya ekseli, ukifunga breki ghafla au ukigonga jiwe unapinduka na kutangulia kichwa. Ndiyo maana nawavulia kofia wale waliofanya michezo ya hatari juu ya baiskeli. Mnamo 1885 Will Robertson wa klabu ya Washington alipigwa picha akishuka ngazi za jengo la Bunge la Marekani juu ya baiskeli! Lakini tuwe wakweli, yake ilikuwa American Star, ambayo gurudumu dogo liko mbele na kubwa nyuma, haipinduki mbele kirahisi. Kwa ile ya gurudumu kubwa mbele, sijui angeokotwa wapi.