Theluji ya kesho na joto la 2080

Dhoruba ya theluji ikikosea njia huko mashariki ya Marekani, swali halichelewi: hawa walioshindwa kutabiri ya kesho, watajuaje joto la mwaka 2080? Swali si la kijinga. Tatizo ni sisi tunaoipenda sayansi. Tunalijibu kwa hasira.

Januari 2015 New York iliambiwa ijiandae kwa theluji ya inchi 20 hadi 30. Treni za chini ya ardhi zikafungwa kwa abiria, jambo ambalo theluji haikuwahi kusababisha tangu treni hizo zianze 1904. Kulipokucha, bustani ya Central Park jijini humo ilikuwa na inchi 9.8. Gary Szatkowski, mtabiri wa serikali, aliomba radhi hadharani. Kwangu mimi hakuwa na deni kubwa kiasi hicho. Dhoruba ilikuja kweli, ila ilipinda kidogo kuelekea baharini, na Boston ikafukiwa kwa futi mbili. Na theluji ina ukorofi wake: maji ya milimita 25 hutoa kama sentimita 25 za theluji, lakini hewa ikipanda joto nyuzi moja au mbili tu, maji yale yale yanashuka kama mvua na barabara inabaki nyeusi.

Ukorofi huo wa badiliko dogo kuzaa tofauti kubwa uligunduliwa ndani ya idara ya meteorolojia ya chuo cha MIT mwaka 1961. Mwanasayansi Edward Lorenz alitaka kurudia sehemu ya hesabu zake za hali ya hewa kwenye kompyuta, akaingiza 0.506 mahali pa 0.506127, akaenda kunywa kahawa. Aliporudi, hali ya hewa ya kwenye karatasi ilikuwa imeshika njia yake yenyewe, haifanani tena na ile ya kwanza.

Idara hiyo hiyo ilikuwa na mwanasayansi Jule Charney, na hapa ndipo wenye shaka wangepaswa kutua. Charney aliongoza utabiri wa kwanza wa kompyuta mwaka 1950, wakati kompyuta ya ENIAC ilihitaji karibu saa 24 kukokotoa hali ya hewa ya saa 24. (Yaani kesho ilikuwa inafika pamoja na utabiri wake.) Februari 1979 dhoruba kubwa iliifunika Washington bila modeli za kompyuta za wakati huo kuona ukali wake. Julai mwaka huo huo Charney aliongoza kamati iliyosema kaboni dayoksaidi hewani ikiongezeka maradufu, joto la dunia litapanda kwa nyuzi 1.5 hadi 4.5 za Selsiasi, kadirio la katikati likiwa 3. Mwaka 2021 IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa kuhusu mabadiliko ya tabianchi, lilikuwa bado kwenye 3.

Hakuna kinzano hapo. Chungu kikiwa motoni huwezi kusema povu la kwanza litachomoza upande gani, lakini ukichochea kuni unajua kinakoelekea. Tena hewa yenye joto hubeba unyevu zaidi, kama asilimia 7 kwa kila nyuzi, kwa hiyo palipo na baridi ya kutosha theluji kubwa haijaaga. Januari 2016, mwaka mmoja tu baada ya ile radhi, Central Park ilipata inchi 27.5, rekodi tangu vipimo vianze 1869.

Lawama yangu ni kwenye namna ya kusema. Kamati ya Charney ilitoa kadirio pamoja na upana wa shaka yake. Wakazi wa New York mwaka 2015 walisikia zaidi ile 30, na uwezekano wa kupata chini ya 10 ukapotea njiani.