Mtoto aambiwe mapema serikali itamlipia ngapi

Huu mfumo wa kufadhili vyuo vikuu tulioletewa Kenya 2023 watu wengi wanaulalamikia juu ya pesa, na wana haki, lakini mimi kinachoniuma zaidi ni kwamba mtoto anakuja kujua mzigo wa nyumbani ni ngapi akiwa ashachagua kozi na ashaitwa chuo.

Si mnaona inavyoenda. Anafanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, anachagua kozi kwa KUCCPS, wale wanagawa nafasi za vyuo, anapata nafasi, halafu ndio anaingia kwa HEF, potali ya serikali ya ufadhili wa chuo, kuomba skolashipu na mkopo, anajaza mambo ya wazazi, familia ni watu wangapi, hali ya nyumbani iko aje, kisha anangoja aambiwe ako bendi gani, yaani kundi la uwezo wa familia yake. 2024 bendi ya 1 skolashipu ilikuwa asilimia 70, mkopo 25, familia 5. Bendi ya 5 skolashipu 30, mkopo 30, familia 40. Kwa kozi ya laki 3 kwa mwaka mzazi mmoja alikuwa anatafuta elfu 15, mwingine laki 1 na elfu 20, na mwaka huo tuliskia wanafunzi wangapi wakilia kwamba kwao hakuna kitu na wamewekwa bendi za juu? Ndio, kuna rufaa, lakini muhula haungoji rufaa ya mtu, na mama mboga hawezi toa laki kwa wiki mbili. Mahakama Kuu ilisema Desemba 2024 mfumo unakiuka katiba, Mahakama ya Rufani ikasimamisha uamuzi huo, na sisi wazazi tuko palepale.

Jimbo la Indiana kule Marekani wana mpango unaitwa 21st Century Scholars, uko tangu 1990. Mtoto wa familia ya kipato kidogo anaingizwa akiwa darasa la 7 au la 8, anaahidiwa kwamba akimaliza sekondari na akitimiza masharti, karo ya chuo cha umma atalipiwa hadi miaka 4. Chakula na nyumba ni stori ingine, sawa, lakini huyo mtoto anasoma akijua kuna mlango uko wazi, na mzazi ako na miaka ya kujipanga!

Na kwetu inawezekana kabisa, manake kuna watoto walishachujwa kitambo wakapewa Elimu Scholarship ya sekondari kwa sababu kwao ni maskini. Kwa nini huyo aulizwe tena umaskini wake akifika chuo? Siku anaingia Gredi 10, mwaka wa kwanza wa sekondari ya juu, apewe barua ya bendi ya 1 mkononi, aende nayo nyumbani.