Kabari nyekundu: tuitazame tu, au tuelezwe?

Pembetatu nyekundu inatokea kushoto na kuchoma duara jeupe. Nusu ya karatasi ni nyeupe, nusu nyeusi. Vipande vidogo vimerukia pembeni, na maneno ya Kirusi yametawanyika katikati. Ni bango la msanii wa Urusi, El Lissitzky, “Wapige Weupe kwa Kabari Nyekundu”, la miaka ya 1919 na 1920.

Wachoraji wa hapa Arusha tunabishana sana kuhusu kazi za namna hii. Wapo wanaoshikilia kwamba jicho linatosha: ncha ni kali, duara halina pa kukimbilia, na mtu wa Ngarenaro asiyejua Kirusi anauona ugomvi papo hapo. Hoja hiyo ina uzito. Lissitzky alifanya kazi Vitebsk pamoja na mchoraji Kazimir Malevich, aliyeamini kwamba maumbo matupu yanaweza kubeba hisia bila kuchora mtu wala mti.

Lakini jicho huona ugomvi tu, halijui wagomvi. Sisi tuliotawaliwa, tukiona cheupe kinachomwa, wa kwanza kumfikiria ni mkoloni. Si ujinga kusoma hivyo, ila bango halikusema hivyo. Weupe hao ni Warusi waliopigana na Jeshi Jekundu la Wabolsheviki, yaani wakomunisti wa Lenin, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Bango lilikuwa linamhimiza mtu amshambulie jirani yake. Ukilitia kwenye fremu na kukaa kimya, umeligeuza pambo, na waliouawa pande zote mbili wamefutika. Hilo linaniuma kuliko maelezo marefu yanayomchosha mgeni.

Lissitzky mwenyewe hakuridhika na ukuta wa kawaida wa makumbusho. Huko Hannover, miaka ya 1920 ikielekea ukingoni, alibuni chumba ambacho kuta zake zilibadilika rangi kadiri mtu alivyotembea. Wanazi walikuja kukivunja.

Makumbusho ya Azimio la Arusha, pale Kaloleni, yamo katika jengo lile lile ambamo viongozi wa TANU walilijadili Azimio Januari 1967. Jengo lenyewe ni ushahidi. Karatasi ya Lissitzky inatundikwa mbali na vita vyake, kwa hiyo inahitaji kusemewa. Mimi ningeweka kibao kifupi upande wa kulia, jicho likifikie baada ya picha: tafsiri ya maneno, vita gani, nani dhidi ya nani. Kuandika “sanaa dhahania” na mwaka tu hakutoshi.