Mjomba na Plastiki ya Kioo

Mjomba wangu ni fundi redio mstaafu, na mtu wa namna hiyo haachwi peke yake nyumbani na kifurushi ambacho hakijafunguliwa. Toleo maalumu la gemu yangu ya anime, zile katuni za Kijapani, la kuchezea kwenye Nintendo Switch, lilifika kutoka Japani nikiwa kazini. Yeye alikuwa sebuleni, ana kisu, ana nafasi, na hana redio ya kutengeneza.

Niliporudi nilimkuta kwenye beseni la kunawia, anasukutua mdomo, macho yamemtoka.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba. Usinisogelee. Hicho kitu chako kina sumu."

Kabla ya sumu, kwanza lile sanduku. Matoleo maalumu ya Kijapani huja kwenye sanduku kubwa kuliko gemu yenyewe mara kadhaa. Langu lilikuwa na kitabu cha michoro, CD ya muziki, mhusika wa akriliki wa kusimamisha mezani, na bango la kitambaa la ukubwa wa B2, yaani milimita 515 kwa 728. Chini kabisa, kama vile limewekwa kwa bahati mbaya, ndipo lilipo kasha la gemu, na ndani yake kadi yenye gemu, ya sentimita tatu kwa mbili hivi. Pembeni ya kadi hukaa kijikaratasi chenye namba ya kupakulia zawadi ya wanunuzi wa mwanzo: herufi na tarakimu 16, hutumika mara moja tu, na mara nyingi ina tarehe ya mwisho. Mwenye uzoefu hukitafuta kijikaratasi hicho kabla ya kitu kingine chochote, akakipiga picha, ndipo akaanza kushangaa michoro. Mjomba alikiona, akakihesabu kuwa tangazo, akakiweka mfukoni.

"Nilianza na plastiki," akasema, baada ya kutema maji mara ya mwisho.

"Plastiki gani, Mjomba?"

"Ile uliyoiacha juu ya kioo. Umenunua kitu cha maana namna hii halafu unaacha plastiki ya dukani, kama watu wanaoacha nailoni kwenye makochi mpaka watoto wanaoa?"

Hapo nilikaa chini. Switch ya kwanza, mashine ya gemu ya Nintendo ya mwaka 2017, ina uso wa plastiki. Ya OLED, ambayo ndiyo yangu, iliyotoka Oktoba 2021, ina uso wa kioo, na juu ya kioo hicho kiwandani hubandikwa utando mwembamba ambao kazi yake ni kushika vipande visitawanyike kioo kikivunjika. Maelekezo ya Nintendo yanasema wazi usibanduliwe. Plastiki ya dukani utaijua bila kuambiwa: imelegea, mara nyingi ina kijisikio cha kuvutia, na hutoka kwa mkono mmoja. Utando wa OLED umegundishwa hasa, hauna kisikio, na ukijaribu kuuinua kwa ukucha, ukucha ndio unaoinuka.

"Haukukataa kutoka?"

"Ulikataa. Nikaupasha na kikausha nywele."

Huyo ndiye fundi. Mtu wa kawaida angekata tamaa, na mashine ingebaki salama.

Niliiwasha. Picha safi, kugusa kunafanya kazi, rangi ziko pale pale. Utando ukitoka mashine haifi, ila siku ikianguka vipande vya kioo havitakuwa na kitu cha kuvishikilia. Dawa yake ni kubandika juu yake protekta ya kioo kigumu yenye gundi eneo lote, si ile yenye gundi kwenye kingo tu. Tatizo ni kwamba Mjomba naye alikuwa amefikia uamuzi huo huo, na alikuwa ameshautekeleza.

Katika droo yangu ya vifaa kulikuwa na protekta mbili. Ya juu ilikuwa ya Switch Lite, mashine ndogo ya mwaka 2019 ambayo haichomeki hata kwenye televisheni. Skrini ya Lite ni inchi 5.5. Ya OLED ni inchi 7. Anayekusanya vifaa vya mashine hizi hujifunza mapema kwamba neno Switch kwenye pakiti halimwambii kitu. Kuna inchi 5.5, kuna 6.2 ya ile ya kwanza, kuna 7, na sasa kuna 7.9 ya Switch 2, na hakuna hata moja inayosaidia nyingine. Mjomba alibandika ile ya Lite katikati, kwa unyoofu wa kupigiwa mfano, ikaacha kioo kitupu kulia na kushoto.

"Nilidhani ni fasheni," akasema.

Kisha yakaja mapovu. Povu la hewa tupu huondoka kwa kusukumwa kuelekea ukingoni. Povu lenye chembe ya vumbi katikati haliondoki hata ulisukume mpaka kesho, kwa sababu chembe ndiyo inayoinua kioo kama nguzo ya hema. Hilo dawa yake ni kuinua kona, kuinasa chembe kwa selotepu, na kushusha tena. Mjomba aliamini katika kusukuma. Alihitaji kitu kigumu kiasi, chembamba, kisichokwaruza. Akakumbuka mfukoni kuna tangazo.

Kilikuwa kipana mno kwa pembeni, kwa hiyo akakikata kwa mkasi.

"Vipande vingapi?"

"Vinne. Kila kona na chake."

Ilikuwa kazi nzuri, sikatai. Wakati huo mikono yake yote miwili imeshika kioo, na kadi ya gemu iko mezani, karibu na ukingo, inataka kuanguka. Sasa fundi anaposhikwa mikono huwa ana mkono wa tatu. "Nimeshika misumari, skrubu, hata waya wenye risasi kwa meno haya," aliniambia, na ninamwamini. Akaichukua kadi, akaibana midomoni.

Kadi za Switch hupakwa denatoniamu benzoeti, kitu chungu kupita vyote vinavyojulikana, makusudi ili mtoto asizimeze. Kiligunduliwa mwaka 1958 huko Scotland na watu waliokuwa wakitafuta dawa ya ganzi, na hutiwa pia kwenye spiriti na kwenye rangi ya kuzuia watu kung'ata kucha. Sehemu kumi tu katika milioni zinatosha kumkunja mtu uso. Hakina madhara kwa kiasi hicho. Kinachoumia ni heshima. Mjomba hakujua lolote kati ya hayo. Alijua tu kwamba ulimi wake umewaka, akakimbilia beseni, akatema kila kilichokuwemo mdomoni, kadi ikiwemo.

Kwa hiyo tulianza na beseni.

Kadi iliyoloa haijafa, mradi hakuna anayeiingiza kwenye mashine "kuijaribu". Ndani hakuna betri, ni kumbukumbu tu iliyozibwa kwenye plastiki, na kinachotakiwa kukauka ni zile sehemu za dhahabu zilizo kwenye vijifereji vya nyuma. Unaikung'uta, unaifuta kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha unapitisha kijiti cha pamba chenye alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, kwa sababu iliyochanganywa na maji mengi inaacha maji yale yale unayoyakimbia. Halafu unaiacha mpaka kesho yake. Nilipogeuka, Mjomba alikuwa anatafuta soketi ya kikausha nywele.

"Hapana, Mjomba."

"Kwa mbali tu."

"Joto litapinda plastiki, halafu itakwama kwenye tundu."

Akakiweka chini, lakini hakukichomoa.

Kadi ilisoma kesho yake bila kinyongo. Ingegoma, bado kumbukumbu za mchezo zisingepotea, maana hazikai kwenye kadi wala kwenye kadi ya ziada ya microSD, zinakaa ndani ya mashine yenyewe. Nilimweleza hilo Mjomba kwa kirefu baada ya kumsikia akiuliza kama tusingeweza "kuifuta yote tuanze upya", ambalo ndilo jambo pekee ambalo lingefuta saa zangu zote za gemu nyingine.

Ikabaki namba. Vipande vitatu vilikuwa kwenye zulia. Cha nne, Mjomba alikumbuka, alikuwa amekichomeka chini ya kona ya kioo ili kuiinua, akaja kukisahau pale ladha ilipoanza. Kubandua kioo kigumu kunataka subira: unaanza kona moja, unaingiza uzi wa kusafishia meno, unausogeza polepole kama unakata. Ukivuta kwa ukucha tu, kinapasuka. Kilitoka kizima, na kipande kikatoka nacho, kimefubaa wino pembeni.

"Hii ni O," akasema Mjomba, ameshavaa miwani.

"Ni sifuri."

"Mimi nimesoma namba za resista kabla hujazaliwa. Hii ni O."

Nilimwonyesha kibodi ya duka la mtandaoni: herufi O na I zimezimwa kabisa, hazibonyezeki. Namba za Nintendo hazina herufi hizo, ili watu kama sisi tusigombane. Aliitazama kibodi kwa muda, akasema walioitengeneza ni watu wenye akili, na kwamba yeye alikuwa anasema hivyo hivyo tangu mwanzo.

Namba hiyo haiingii kwenye akaunti yoyote tu. Kadi ya Switch inachezeka popote, iwe imetoka Japani au Marekani, lakini nyongeza za kupakua lazima zitoke kwenye duka la eneo lile lile la kadi. Kwa hiyo mkusanyaji wa matoleo ya Kijapani huwa na akaunti ya pili: anatumia barua pepe nyingine, anachagua Japani kama nchi, anaiunganisha na mtumiaji mpya ndani ya mashine, kisha anaingia dukani kwa jina la huyo mtumiaji. Nyongeza ikishashushwa kwenye mashine, itaonekana kwa watumiaji wote, na utaendelea kucheza kwa jina lako la kila siku. Hii ni nafuu kuliko kuhamisha nchi ya akaunti yako kuu huku na huko, maana ukiwa na salio haikubali.

Wakati nyongeza inashuka, nilibandika protekta ya pili, ya inchi 7, ambayo muda wote huo ilikuwa kwenye droo ile ile, chini ya ile ya Lite. Tulifanyia bafuni, baada ya kufungulia maji ya moto kidogo ili mvuke uangushe vumbi. Alkoholi, kitambaa kikavu, stika ya kunasa chembe, kisha vipande viwili vya selotepu upande mmoja ili kioo kifunguke na kufunga kama mlango kisihame. Unakishusha, unagusa katikati, unaondoa mkono. Gundi inatembea yenyewe. Mjomba alisimama mlangoni na kipande cha karatasi, tayari kwa mapovu. Hayakuja. Ilimuuma kidogo.

Tukarudi sebuleni. Zawadi imeshuka. Nikafungua menyu ya mavazi, na pale, kwenye orodha, ikang'aa: kofia. Kofia moja ya majani, ya shujaa mkuu.

"Nimekula sumu," akasema Mjomba, "kwa ajili ya kofia?"

"Ni ya wanunuzi wa mwanzo tu. Ukiikosa huipati tena."

Akafikiri. "Anaivaa lini?"

"Menyu ya kuvaa inafunguka ukifika sura ya tatu."

Akaipokea mashine kwa mikono miwili, akaikagua kioo kwa jicho la fundi, akaketi. Maandishi yote yalikuwa Kijapani, naye hakujali. Alibonyeza A kila mshale ulipopepesa, na alipopigwa na adui alinishtaki mimi. Saa tatu usiku nikamkumbusha kuhusu basi lake.

"Nitapanda la kesho," akasema bila kuinua macho. "Leta chaji."