Barcelona bingwa, timu B yashuka: kinda akomae wapi?

Msimu wa 2024/25 Barcelona walibeba La Liga, Kombe la Mfalme na Super Cup ya Hispania. Msimu huohuo timu yao B, Barcelona Atlètic, ikashuka kutoka daraja la tatu kwenda la nne. Habari hizi mbili zina uhusiano wa karibu kuliko zinavyoonekana. Kocha wa timu kubwa, Hansi Flick, aliwapandisha Marc Casadó, Marc Bernal na Gerard Martín. Lamine Yamal na Pau Cubarsí walikuwa wameshatangulia kabla yeye hajafika. Waliobaki chini wengi ni vijana wadogo mno, na kila wiki walikutana na mabeki watu wazima wanaocheza ili watoto wao walipiwe ada.

Timu iliyoshuka kwa sababu hiyo, tuseme imefeli? Mimi nasema hapana. Lakini wanaosema ndiyo wana hoja nzito, na hoja zenyewe hazihusu Barcelona peke yake.

Hispania timu B inacheza kwenye ligi za kawaida. Inapanda na kushuka kama klabu yoyote, isipokuwa haiwezi kuwa daraja moja na timu mama. Kijana wa chini ya miaka 23 aliyesajiliwa huko anaweza kukaa benchi la wakubwa katikati ya wiki, kisha Jumapili akarudi kucheza dakika 90 na wenzake. Uingereza wamekataa njia hiyo. Wao wana ligi ya vijana ya Premier League 2, ambako makinda wa klabu kubwa wanacheza wao kwa wao, na anayeiva anapelekwa kwa mkopo.

Anayetetea timu B ana mfano mmoja usiosahaulika. Mwaka 2007 Barcelona B walikuwa wameshuka hadi daraja la nne, na klabu ikamkabidhi timu hiyo kocha ambaye hakuwa amefundisha popote, Pep Guardiola. Viwanja vidogo, nyasi bandia, watani wa jirani wanaokamia. Katika kikosi hicho walikuwemo Sergio Busquets na Pedro. Walipanda daraja msimu huohuo. Miaka miwili haikupita, Busquets akaanza fainali ya Ligi ya Mabingwa mjini Roma na Pedro akaingia dakika za mwisho. Mwaka 2010 wote wawili wakawa mabingwa wa dunia. Sidhani kama ligi ya vijana watupu ingewapa walichokipata kule. Ukicheza na wa rika lako, ukipoteza mpira unakimbia kuufuata. Ukicheza na mtu ambaye klabu yake ikishuka anakosa mshahara, unajifunza kutoupoteza.

Sasa tugeuze upande. Juni 2024 Barcelona Atlètic walicheza fainali ya mchujo wa kupanda daraja la pili dhidi ya Córdoba. Mechi ya kwanza 1-1, ya marudiano Córdoba wakashinda 2-1 kwao, El Arcángel. Nilifurahi, nami si shabiki wa Córdoba. Ile ni klabu ya mji mzima, iliyowahi kucheza La Liga, yenye wazee wanaoifuata tangu utotoni. Upande wa pili ni kikosi kinachocheza kwenye uwanja wa watu 6,000, na hata kingepanda na kushinda kila mechi ya daraja la pili, La Liga kisingefika. Barcelona wangeshinda siku ile, Córdoba wangebaki daraja la tatu ili vijana wa klabu nyingine wapate mahali pazuri zaidi pa kufanyia mazoezi. Sijasikia mtetezi wa timu B akilijibu hili vizuri, na mimi mwenyewe sina jibu la kutosha.

Kuna pia suala la jedwali lenyewe. Mwaka 1984 bingwa wa daraja la pili Hispania alikuwa Castilla, timu B ya Real Madrid, na wa pili alikuwa Bilbao Athletic, timu B ya Athletic Club. Hakuna aliyepanda; wakapanda Hércules, Racing na Elche waliokuwa chini yao. Mwaka 2011 Barcelona B ya Luis Enrique ilimaliza ya tatu katika daraja hilohilo, ikabaki palepale. Mwaka 2020 Bayern München II walitwaa ubingwa wa daraja la tatu Ujerumani na hawakuruhusiwa kwenda popote. Kuna wakati katika msimu timu ya namna hiyo haina tena cha kupigania, na bado inakutana na klabu inayopigania roho yake. Hata kama hakuna hila yoyote, ushindani umeshapinda.

Kilichowapata vijana wa Villarreal B mwaka 2012 kinauma zaidi. Walikuwa daraja la pili, na pointi zao ziliwatosha kubaki. Kisha timu kubwa ikashuka kutoka La Liga, na kwa kuwa haziwezi kukaa pamoja, wao wakasukumwa daraja la tatu. Wameshuka kwa makosa ya kaka zao.

Na zamani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Castilla walifika fainali ya Kombe la Mfalme mwaka 1980, wakakutana na Real Madrid, timu mama, ndani ya Bernabéu, wakafungwa 6-1. Tangu msimu wa 1990/91 timu B hazishiriki tena kombe hilo, na hapo naona waliamua sawasawa.

Waingereza waliyaona haya. Mwaka 2014 kamati ya Greg Dyke, aliyekuwa mwenyekiti wa FA, chama cha soka cha huko, ilipendekeza timu B za klabu kubwa ziingizwe kwenye ngazi za ligi, klabu ndogo na mashabiki wao wakapinga, wazo likafa. Mwaka 2016 timu za akademi zilipoingizwa kwenye EFL Trophy, kombe la klabu za daraja la tatu na la nne, mashabiki wengi walisusia mechi. Njia yao ikabaki mkopo, na mkopo nao una watu wake. Harry Kane alipita Leyton Orient, Millwall, Norwich na Leicester kabla Tottenham hawajamwamini. Hata Barcelona wanautumia: Fermín López alipelekwa Linares, daraja la tatu, msimu wa 2022/23, mwaka uliofuata alikuwa timu kubwa, na mwaka 2024 akarudi nyumbani na kombe la mataifa ya Ulaya na dhahabu ya Olimpiki.

Udhaifu wa mkopo ni kwamba kocha wa kule hadaiwi chochote na kijana wako. Timu ikiwa hatarini atampanga anayemwamini, na kinda atamaliza msimu akiwa amezoea benchi. Kane mwenyewe aliyaonja hayo Leicester. Timu B inafundisha kwa lugha moja na timu kubwa, na kocha wake hupimwa kwa kijana aliyempandisha.

Kuna walioona timu B haina maana. Bayer Leverkusen walivunja timu yao ya chini ya miaka 23 mwaka 2014. Miaka kumi baadaye wakawa mabingwa wa Ujerumani bila kufungwa hata mechi moja ya ligi, na nyota wao Florian Wirtz aliingia kikosi cha kwanza akiwa na miaka 17, moja kwa moja.

Mfano huo ndio umenifanya nibadili namna ninavyolitazama jambo hili. Wirtz hakuhitaji timu B. Yamal, aliyecheza La Liga akiwa na miaka 15, hakuihitaji pia. Mwenye kipaji cha namna hiyo hata umfungie stoo atatoka. Timu B ni ya akina Pedro, na ya akina Gerard Martín, beki aliyechukuliwa kutoka Cornellà akiwa tayari na miaka 21, akakaa msimu mmoja chini, akapanda. Ni ya yule anayechelewa kuiva. Tukiihesabia mastaa tunaihesabia watu ambao wangefika hata bila yenyewe, na tukiihesabia pointi tutailaumu msimu ambao imefanya kazi yake vizuri kuliko mingine.

Na hapo ndipo nawaza nyumbani. Tanzania tuna ligi ya vijana wa chini ya miaka 20, na imetupa watu. Clement Mzize alitoka timu ya vijana ya Yanga. Farid Mussa aliibukia Azam, akaenda Tenerife ya Hispania, na huko alianza kuchezea timu B kama kijana mwingine yeyote wa pale. Lakini ligi yetu inamwachia mchezaji mkono akishavuka umri, hata kama mwili wake na akili yake ya mpira vinahitaji miaka miwili zaidi. Timu kubwa imejaa wageni waliosajiliwa kushinda mechi ya kesho. Kinachobaki ni mkopo, mara nyingi kwa klabu ambayo nayo inapambana isishuke.

Ningependa kuona timu za chini ya miaka 23 za Simba, Yanga na Azam zikianzia ligi ya mkoa, kisha zikaruhusiwa kufika First League, daraja letu la tatu, bila kwenda Championship, la pili, na bila kuchukua nafasi ya kupanda ya mtu. Zisicheze kombe. Zikimaliza juu, nafasi iende kwa anayefuata, na jambo hilo liandikwe kwenye kanuni kabla ya mechi ya kwanza, lisisubiri malalamiko ya mwisho wa msimu. Hata hivyo timu ya mkoani itakuwa imesafiri kwa basi usiku kucha kwenda kucheza na vijana wa tajiri. Kwa hiyo wa kuulizwa kwanza ni klabu hizo za mikoani, na zikisema hapana kama zilivyosema za Uingereza mwaka 2014, wazo hili inabidi lisubiri.